Fedha Iende Kwenye Lenzi

JICHO LA MTAA
Na Zuhura Mwinyimkuu

Mohamed Amin alikuwa na miaka 11, akiishi Dar es Salaam, aliponunua kamera ya Box Brownie iliyokwishatumika kwa shilingi 40. Kilikuwa kiboksi chenye lenzi isiyobadilishwa. Mwaka 1963 kijana huyo alianzisha Camerapix jijini humo, mwaka uliofuata akawa Zanzibar akipiga picha za Mapinduzi, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zikaitikisa dunia.

Kisa cha namna hii hutumiwa sana kuwatuliza vijana wasio na kitu: kamera si hoja, hoja ni jicho. Ni kweli nusu. Mpiga picha wa harusi aliye ukumbini saa tatu usiku, taa zimepunguzwa na maharusi wanaingia wakicheza, haokolewi na jicho peke yake. Picha ikijaa chengachenga au nyuso zikitoka zimetikisika, mteja hataki hadithi ya Mohamed Amin. Anataka fedha yake.

Kwa hiyo kijana ana haki ya kutamani kifaa bora. Wanachokosea wengi ni mahali pa kuipeleka fedha. Wanadunduliza miaka kwa ajili ya bodi kubwa ya kamera, na wakishaipata wanaifungia lenzi ileile iliyokuja na kamera ya kwanza.

Hesabu iko wazi. Canon EOS 5D Mark IV ilipotoka mwaka 2016, bodi tupu iliuzwa Marekani kwa dola 3,499. Lenzi ya Canon ya milimita 50 yenye f/1.8, iliyotoka mwaka mmoja kabla yake, haikufika dola 150, na inakaa hata kwenye kamera za wanaoanza kama 700D au 1300D. Lenzi ya kawaida ya 18-55, ikivutwa hadi mwisho, hufunguka f/5.6 tu. Ile ya f/1.8 huingiza mwanga zaidi ya mara tisa. Mpiga picha aliyekuwa amekwama kwenye kasi ya 1/15 ya sekunde anaweza kupanda hadi 1/125 bila kugusa ISO, na hapo maharusi wanaocheza wanatoka wametulia.

Megapikseli nazo zisimnyime mtu usingizi. Ukurasa wa albamu wa A4, ukichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, unahitaji chini ya megapikseli 9. Nikon D3200 ya mwaka 2012 ina 24.

Lakini mwenye D3200 awe macho: bodi hiyo haina mota ya kufokasi. Akinunua lenzi ya zamani ya AF-D kwa sababu ni rahisi, atalazimika kuizungusha kwa mkono mbele ya wageni waalikwa. Aulizie AF-S, yenye mota yake ndani.

Soko la vifaa vilivyotumika ni msaada mkubwa kwa anayejua kukagua. Aulize shata imepigwa mara ngapi. Canon iliikadiria ya 5D Mark II kufika mara 150,000, na harusi moja yaweza kula elfu nzima. Kisha aimulike lenzi kwa tochi kutoka nyuma. Utando mwembamba kama wa buibui ndani ya kioo ni kuvu, ugonjwa unaopenda joto na unyevu wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja. Lenzi ya namna hiyo airudishe mezani, hata muuzaji apunguze bei mara tatu. Na yake mwenyewe aihifadhi kwenye chombo kinachofungwa vizuri, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu.

Anayejiandaa kwa msimu wa harusi na anunue lenzi angavu kwanza. Bodi mpya isubiri hadi malipo ya kazi yenyewe yaweze kuinunua, si mkopo.