Kaimani ao mamba? Tujue jirani yetu wa mutoni

Kwetu, mutu anayesema Kifaransa anaita mara nyingi «kaimani» kila nyama mwenye mukia murefu anayelala kando ya maji. Lakini katika mito yetu hakuna kaimani wa kweli hata mumoja. Tulifungue neno hili, kwa sababu maisha ya watoto wetu iko ndani.

Kaimani wanakaa Amerika ya Kati na ya Kusini. Kuna mudogo mwenye urefu wa karibu meta 1 na nusu, na kuna mweusi wa Amazon anayepita meta 4. Ndugu yake, aligatori, yuko wa aina 2 tu: mumoja yuko Marekani, upande wa Florida na Louisiana, mwingine yuko China, kando ya muto Yangtze, na wamebaki wachache sana porini. Aligatori wa Marekani anavumilia baridi: maji ikigeuka barafu juu, anaacha pua inje apate kupumua.

Wa kwetu ni mamba. Yule mukubwa anaitwa mamba wa Nile, lakini anakaa vilevile Lualaba na maziwa ya Upemba. Anaweza kufika meta 5. Kongo iko pia na mamba wa mudomo mwembamba, anayependa samaki, na mamba mufupi wa pori la mvua.

Namna gani kuwatofautisha? Mutazame mudomo. Aligatori ana mudomo mupana, na akifunga kinywa, meno ya chini yanafichwa. Mamba mudomo wake unachongoka, na jino la ine la chini linaonekana inje.

Mamba jike anachimba shimo ndani ya muchanga, anatia mayai karibu 50, halafu analinda karibu miezi 3. Joto la muchanga ndilo linaamua kama watoto watakuwa dume ao jike. Akisikia watoto wanalia ndani ya mayai, anafukua, anawabeba ndani ya kinywa mpaka kwenye maji. Ole wake mutu anayekaribia kiota hicho!

Kuwinda kwake ni kwa kungoja. Macho na pua tu ndivyo vinabaki juu ya maji. Mutu akija kila siku fasi ileile, saa ileile, mamba anazoea. Basi, mama, vijana, na ninyi wachimbaji munaosafisha madini maji ikiwafikia magotini, mushike maneno haya:

1. Musichote maji giza ikiingia. Mamba anawinda sana usiku.
2. Mubadilishe fasi ya kuchota, na mutumie ndoo yenye kamba ao muti murefu.
3. Musitupe matumbo ya samaki pale munapooga.
4. Mupige lupango ya miti yenye nguvu ndani ya maji, na kila muvula muitengeneze.
5. Mutoto asiende mutoni peke yake.

Neno la mwisho ni zito. Mamba akikamata mutu, wengi wanauliza: «Nani alimutuma?» Halafu kidole kinaonyeshwa muzee fulani, ao mujane asiye na mutetezi. Ndugu zangu, mamba hatumwi na mutu. Ana njaa, ao analinda mayai yake. Tukimufukuza bibi wa jirani, tumeongeza msiba wa pili juu ya ule wa kwanza, na mamba angali palepale, anangoja mutoto wa kesho. Mwenye kufiwa anahitaji tulie naye. Tukiisha kulia, tushike shoka, tukate miti ya lupango.

Ya kuzungumza nyumbani: Kwenu, nani anachota maji, na saa ngapi?