PUA ILIYOZIBA: TUSIKIMBILIE LEZA WALA WEMBE



Mwezi uliopita mama mmoja wa mtaa wetu alinisimamisha akitoka kuteka maji. Mtoto wake wa miaka mitano hapumui vizuri puani, na usiku anakoroma kama mtu mzima. Watu wawili walikuwa wamempa mashauri. Wa kwanza alisema auze mgawo wake wa chakula, aende Bujumbura kutafuta daktari anayepasua kwa leza. Wa pili alisema kuna mzee anayekata kilimi kwa bei ndogo. Mama akaniuliza: "Mwanangu, nimfuate nani?"

Nilimjibu: usimfuate yeyote kwanza. Nenda kituo cha afya.

Leza ni mwanga mkali uliokusanywa mahali pamoja. Ilitengenezwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1960. Madaktari wa pua huitumia kuunguza na kupunguza nyama zilizovimba ndani ya pua. Si uongo, inasaidia watu. Lakini haiondoi kilichozivimbisha. Kama ni moshi, vumbi au aleji, uvimbe unaweza kurudi, na fedha zimekwisha.

Wengi wetu tulivuka ziwa kutoka Fizi mwezi Januari 2018 tukashukia Rumonge. Wanaofanya kazi kule pwani wanajua moshi wa kukausha samaki na wa kuchemsha mawese. Hapa kambini nako tunapika kwa kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha, watoto wamekaa karibu na moto. Pua inavimba kila siku, halafu tunalaumu baridi. Tupikie nje au penye upepo.

Jambo jingine ni dawa za matone za sokoni zinazofungua pua upesi. Zikitumiwa zaidi ya siku tano, pua huziba kuliko mwanzo. Bora kuosha pua kwa maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa.

Kuhusu kilimi, nasema wazi: kiko kooni, si puani. Kukikata hakufungui pua. Wembe wa mzee unaweza kuleta kutoka damu nyingi, pepopunda na virusi vya UKIMWI.

Lakini kuna pua zinazohitaji daktari bila kuchelewa:

- Mtoto anayekoroma na kukatika pumzi usingizini.
- Tundu moja la pua linalotoa usaha wenye harufu. Huenda mtoto ameingiza punje ya mahindi au harage. Kama ni betri ndogo ya saa, mkimbize saa hiyohiyo.
- Mtu mzima mwenye tundu moja lililoziba, linalotoa damu, au mwenye uvimbe shingoni.
- Homa pamoja na jicho lililovimba.

Hapa na sisi wahudumu tuna kosa. Mara nyingi tunamwambia mgonjwa "ni mafua tu", tunampa vidonge, anarudi mara tatu bila kuangaliwa puani kwa tochi. Madaktari wa masikio, pua na koo ni wachache Burundi, na wengi wako Bujumbura. Kwa hiyo karatasi ya transferi ipewe anayestahili, si anayepiga kelele zaidi. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza: "Pua yangu imezibwa na nini?" Tukimjibu vizuri, hatakwenda kwa mzee wa wembe.

Mama yule alikwenda kituoni. Muuguzi alimwuliza habari za usiku, akaandika transferi, kwa sababu huenda kuna nyama iliyokua nyuma ya pua. Nyama hiyo daktari huweza kuitoa bila leza. Mama hakuuza hata kilo moja ya mahindi.

Tuulize kwanza, tulipe baadaye. Afya ni utajiri.

Mhudumu wa afya wa kujitolea