Heshima ya Koti Jipya

Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Tukaambiwa kuvaa vipya ndiyo heshima. Haya. Nikadunduliza, nikanunua hapa Gisenyi koti jipya la "ngozi". Ngozi halisi huanza kwa ukaidi, viwiko hukataa kukunjika, kisha joto la mwili na miezi ya kuvaliwa huilainisha. Langu halikulainika. Lilibanduka viwikoni kama magamba ya samaki: plastiki juu ya kitambaa! Kaka yangu bado anavaa caguwa, ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa na mgongo wa mtu asiyemjua. Wanaohubiri heshima ya kipya waje mvua ikitoka ziwani, tulinganishe makoti.