Jiwe la City Park Likiingia Kwenye Kompyuta

Ndani ya City Park, Parklands, Nairobi, kuna kaburi la Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya na mkusanyaji mkubwa wa sanaa za Afrika, aliyefariki mwaka 1990. Kandokando yake yamesimama masanamu, na miongoni mwake imo kazi ya Elkana Ong'esa, mchongaji kutoka Kisii: ndege anayechomoza kwenye jiwe. Mwenye simu nzuri akilizunguka sanamu hilo na kupiga picha nyingi za kutosha, programu itaziunganisha, na kabla ya jua kutua jiwe litakuwa kwenye kompyuta pamoja na alama za patasi.

Ndani ya kompyuta jiwe halina uzito. Ni umbo lililovishwa nyenzo, yaani tarakimu: rangi yake, ukwaru wake, kiasi cha mwanga linachorudisha na kiasi linachopitisha. Msanii akizibadilisha, jiwe hung'aa shaba, huyeyuka mithili ya nta, au hupepea likawa leso. Sanaa hii ya kugeuza nyenzo ina uzuri wa ajabu, na wala siitaki ifungiwe. Lakini nyenzo hutoka mahali, na mahali pana wenyewe.

Wasanii wengi duniani hawapigi picha hizo wenyewe. Huchukua nyenzo kutoka maktaba za mtandaoni, na kubwa mojawapo ni Megascans, iliyoanzishwa na kampuni ya Quixel ya Uswidi na kununuliwa na Epic Games mwaka 2019. Filamu fupi ya Quixel ya mwaka huohuo, Rebirth, ilijengwa kwa miamba ya Aislandi. Kijana wa Nairobi anayetaka mabati yaliyoota kutu ya Mathare au udongo mwekundu wa Limuru hulazimika kuupaka rangi mwamba wa watu wengine. Hilo ni pengo la umma. Makavazi ya Taifa na serikali ya kaunti zingepaswa kugharamia maktaba ya nyenzo za hapa, wazi kwa wote. Poly Haven, ambayo mwanzilishi wake mmoja ni Greg Zaal wa Afrika Kusini, hutoa nyenzo zake bure kabisa, kwa hiyo hatuzungumzii ndoto.

Wapo watakaosema: basi tuingize kila kitu, sanaa haina mipaka. Hapo ndipo ninapokataa. Ukwaru wa mawe si wa mtu. Kazi ya Ong'esa ina jina la mtu, na anayetaka kuigeuza anajua pa kuanzia kuomba. Kigango cha Wamijikenda, nguzo ya ukumbusho, ni jambo zito zaidi, kwa sababu husimamishwa kwa ajili ya marehemu, na vingi viliibwa Pwani vikauzwa Marekani. Kukiyeyusha kigango kwenye skrini bila idhini ya jamaa ni kukiondoa kwao kwa mara ya pili. Hata kilichorudishwa nyumbani kinaweza kubaki ughaibuni kwa nakala yake ya kidijitali, kikiuzwa bila wenyewe kujua.

Mradi wa International Inventories uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika makumbusho ya ng'ambo, na mwaka 2021 maonyesho yake katika Makavazi ya Nairobi yaliweka makabati matupu ya kioo. Nani atakayeamua picha za vitu hivyo zitumikeje? Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya mwaka 2016 inataka ridhaa ya jamii kabla ya matumizi na mgawo wa faida. Maneno hayo yanatosha kuanzia. Kinachokosekana ni utaratibu ambao msanii mwenye kompyuta moja na bando la siku anaweza kuufuata bila kuajiri wakili: fomu fupi, mzee au kamati ya jamii inayojulikana, na ada inayolipika kwa M-Pesa. Kampasi ya Parklands ya Chuo Kikuu cha Nairobi, walikosomea mawakili wengi wa nchi hii, haiko mbali na kaburi la Murumbi. Rasimu ya fomu hiyo inaweza kuandikwa hapo.