Nguvu ya kupiga mpira haitoki mikononi

Wiki chache zilizopita mama mmoja aliniletea binti yake wa kidato cha tatu, mchezaji wa softiboli. Kiganja cha kushoto kilimuuma upande wa kidole kidogo, na hakuweza kukamata gongo bila kukunja uso. Alikuwa amevumilia mwezi mzima. Aliambiwa mpira wake hauendi mbali, hivyo achukue gongo zito na akaze mikono.

Mzazi, na wewe mwalimu wa michezo, ushauri huo ndio ninaoupinga leo. Besiboli na softiboli zina wachezaji vijana nchini, na Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, ina uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani. Tukiwafundisha vibaya, tutawajaza hospitalini.

Mtazame mtu anayepasua kuni. Hategemei mabega peke yake. Hukita miguu chini, kiuno hufanya kazi, shoka hufuata. Mpigaji mzuri hufanya vivyo hivyo. Uzito huanzia mguu wa nyuma, anapiga hatua fupi mbele, nyonga zinageuka kumkabili mrushaji, kisha kifua, na mikono inakuja mwisho. Anayeanza na mikono huiacha misuli mikubwa ya mapaja na makalio imelala, na mzigo wote hubebwa na mabega, viwiko na viganja.

Na gongo zito je? Kinachoupeleka mpira mbali zaidi ni kasi ya gongo. Katika besiboli ya watu wazima mrushaji yuko mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na mpira wa kilomita 145 kwa saa hufika kabla ya nusu sekunde kwisha. Gongo lisilogeuka haraka huukuta mpira umeshapita. Jaribu hivi: mtoto alinyooshe gongo pembeni kwa mkono mmoja. Likishuka kabla ya sekunde 20, si lake.

Kuna hatari nyingine. Kitako cha gongo hukandamiza kiganja cha mkono wa chini, na kinaweza kuvunja ncha ya mfupa mdogo ulio karibu na kifundo, upande wa kidole kidogo. Picha ya kawaida ya eksirei inaweza isiuonyeshe ufa huo, ikabidi kipimo cha CT. Ndivyo ilivyokuwa kwa binti yule. Msimu huu hachezi.

Basi fanyeni haya. Kabla ya mazoezi, dakika 10 za kukimbia polepole na kuzungusha nyonga na mabega. Mara mbili au tatu kwa wiki, kuchuchumaa na kusimama, kuruka, na kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka. Mpigaji wa mkono wa kulia azungushe gongo pia upande wa kushoto, mgongo usichoke upande mmoja. Akianza kupoteza mtindo kwa uchovu, mazoezi yaishie hapo.

Maumivu ya kiganja, ya mbavu au ya mgongo yanayorudi kila anapozungusha gongo hayahitaji uvumilivu, yanahitaji daktari. Mwulize mwanao leo jioni kama kuna mahali panapomuuma. Wengi hawasemi mpaka waulizwe.