Jengo lielezwe kwa lugha ya watakaolitumia

Chema chajiuza, walisema wahenga. Katika mashindano ya usanifu wa majengo, hata hivyo, chema hakijiuzi, sharti kielezwe. Mshiriki hutakiwa kuambatanisha na michoro yake maelezo ya jengo ni la nani, litatumiwaje na kwa nini limebuniwa hivyo. Hapo ndipo vijana wetu wengi wanapokwama.

Juzi mwanafunzi mmoja wa usanifu alinijia ili nimsahihishie Kiingereza cha maelezo aliyokusudia kuyawasilisha mashindanoni. Alikuwa amebuni soko. Kurasa mbili zilisheheni istilahi nzito, wala sikumwona humo hata muuzaji mmoja. Nilimwomba anieleze kwa Kiswahili. Baada ya kusitasita, alisema kwamba wauza samaki amewaweka upande upepo unakoelekea, harufu isiwafikie wauza nguo. Na kwamba mama mwenye ndoo kichwani atapita bila kupigana vikumbo na mikokoteni. Waama, hilo ndilo lililokuwa wazo lake, na halikuwamo katika kurasa zile.

Wapo wadaio kuwa Kiswahili hakina msamiati wa fani hii. Huenda hawajapata kuingia katika nyumba kongwe za mawe za Lamu. Humo mna daka, kiwanda, msana, ndani na zidaka. Majina hayo si ya kuta tu. Yaonyesha mgeni huishia wapi na siri ya nyumba huanzia wapi.

Isitoshe, tuzo kubwa hazitolewi kwa sababu ya maneno makubwa. Diébédo Francis Kéré alibuni shule ya msingi ya kijiji chao cha Gando, Burkina Faso, akiwa bado mwanafunzi mjini Berlin. Wanakijiji wenyewe waliijenga kwa matofali ya udongo, na paa la mabati likainuliwa juu ya dari ili hewa ipite na kupunguza joto. Mwaka 2004 shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, ambayo hutuma wataalamu wakaikague kazi pale ilipo. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Pritzker. Je, kazi ile ingalifaulu iwapo waliofyatua matofali hawakuielewa?

Katiba yetu ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Basi waandalizi wa mashindano humu nchini wayapokee maelezo ya Kiswahili. Nasi wahadhiri tuwatake wanafunzi wayaandike. Nawe mwanafunzi, kabla hujaiwasilisha kazi yako, isome mbele ya fundi atakayeijenga na mtu atakayeitumia. Wasipokuelewa, kasoro huenda imo katika mchoro wenyewe.

Mwanafunzi wangu alikwenda kuyaandika upya maelezo yake kwa Kiswahili, akianza na mama mwenye ndoo. Kiingereza tulikishughulikia baadaye, na hakikutuchukulia muda mrefu.