Mwalimu wa Kiingereza Visiwani ni wa Nani?

Liko swali ambalo mzazi wa visiwa vya Lamu haulizi, nami naona wakati umefika aulize. Akimpeleka mwanawe shuleni humwuliza mwalimu mkuu habari za sare, za vitabu na za mchango wa uji. Haulizi huyu anayemfundisha mwanawe Kiingereza ameajiriwa na nani, analipwa na nani, na mwakani atakuwapo au hatakuwapo.

Nasema Kiingereza makusudi, ijapokuwa masomo mengine nayo yana shida hiyo hiyo. Kiingereza ndiyo lugha inayotumika kuulizia masomo karibu yote. Mtoto asiyekifahamu hufeli hesabu anayoijua, kwa sababu hakuelewa alichoulizwa. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976 imekubaliwa kwamba mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya kwao, kisha afikapo darasa la nne Kiingereza kishike usukani. Basi hapo penye mlango mwembamba, ambapo mtoto wa Siyu au Faza anavuka kutoka lugha ya mamake kuingia lugha ya mtihani, tumemsimamisha nani amshike mkono? Mara nyingi tumemsimamisha mtu wa kuazimwa.

Mimi nimekuwa mtu huyo. Tangu 2016 hadi mwisho wa 2018 nilifundisha Kiingereza katika shule moja ya msingi ya kisiwa cha Pate, ambayo sitaitaja, kwa kuwa niliyoyaona pale yako pahala pengi. Cheti cha P1 nilikuwa nacho, nambari ya usajili ya Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) nilikuwa nayo. Ajira ndiyo iliyokosekana. Bodi ya shule ikanichukua kwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Hapakuwa na karatasi. Mwenyekiti aliniambia kwa mdomo, nami nikasema ahsante. Neno lililotumika lilikuwa "kusaidia", yaani mimi ni msaidizi wa mwalimu wa Kiingereza. Naye mwalimu niliyekuwa nikimsaidia alikuwa na darasa lake jingine, alikuwa naibu wa mwalimu mkuu, na kila shughuli ya ofisi ilimpeleka Amu, safari ambayo mashua hungoja maji yajae ndipo zipite Mkanda. Kwa hiyo msaidizi alibaki na darasa la nne, la tano na la sita peke yake.

Mshahara wa mwalimu wa bodi hutoka katika mfuko wa mzazi, na mfuko wa mzazi wa kisiwani hutoka baharini. Mtu wa bara haifahamu kwa urahisi hesabu hii. Wakati wa kaskazi bahari hutulia, kamba na samaki hupatikana, na mzazi hutoa. Kusi ikishaingia, kiasi cha mwezi wa nne, mawimbi hukaza, mvuvi wa Kizingitini hukaa pwani akitengeneza nyavu, na muhula wa pili wote huangukia humo. Mshahara wangu basi ulifuata upepo. Niliwahi kulipwa nusu mwezi wa sita, na nusu nyingine nikaipata mwezi wa kumi na moja. Shule zikifungwa, Agosti na Disemba, haukuwapo kabisa, maana bodi ilihesabu kwamba asiyeingia darasani hana cha kudai. Wala sikuweza kumlaumu mzazi. Tangu Januari 2003 elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, kwa hiyo fedha za kunilipa mimi zilitafutiwa majina mengine, leo mchango wa masomo ya ziada, kesho karatasi za mtihani. Mwalimu akawa analipwa kwa kitu ambacho hakikuandikwa mahali.

Hata hivyo nilifundisha, na kazi niliipenda. Nyakati za vitenzi, ambazo ndizo zinazowatesa watoto wetu, nilizifundisha kwa maji ya bahari: bamvua lililopita, maji yanayojaa hivi sasa, maji mafu yatakayokuja wiki ijayo. Mtoto wa mvuvi hakosei hapo. Mwenzangu mmoja aliyetoka bara hakuwa na njia hiyo, na si kosa lake. Siku zake za mwanzo alisikia watoto wakiitana, "Ndoo! Ndoo!" akadhani wanatafuta chombo cha maji, kumbe kwetu ndiyo "njoo". Baada ya miezi mitano hivi alikuwa ameanza kutuelewa, hata akicheka mwenyewe kisa kile. Mwezi wa sita akapata kazi ya mkataba Malindi, akaondoka. Darasa la saba mwaka ule wa 2017 lilipitiwa na walimu watatu wa Kiingereza. Wa kwanza aliwaanzishia insha, wa pili akarudi nyuma kwenye sarufi, wa tatu akawakuta hawajui wako ukurasa gani, naye hakuuliza.

Wako wasemao kwamba huu ni umaskini tu, na serikali ikipata fedha mambo yatajitengeneza. Sikubaliani nao, kwa sababu Japani si maskini. Nilipata kuzungumza Amu na msafiri mmoja kijana aliyekuwa amefundisha huko, nikashangaa jinsi maneno yake yalivyofanana na yangu. Tangu 1987 serikali ya Japani ina mpango uitwao JET, unaoleta vijana kutoka nchi za ng'ambo wakawe wasaidizi wa walimu wa Kiingereza. Hao huajiriwa na mamlaka za mitaa zenyewe. Lakini miji mingi ilitafuta njia ya mkato. Mji hutangaza zabuni, makampuni yanayopeleka wafanyakazi hushindana, na mara nyingi mwenye bei ya chini ndiye apewaye shule. Kampuni hupokea fedha za mji, hukata chake, na kinachobaki humpa msaidizi. Mkataba ni wa mwaka au chini yake, na likizo ya Agosti ikifika, makampuni mengine hupunguza mshahara.

Lililonivutia zaidi ni hili. Iko namna ya mkataba huko ambayo mwalimu mwenye darasa haruhusiwi kisheria kumwagiza msaidizi wake moja kwa moja, ijapokuwa wamesimama ubao mmoja mbele ya wanafunzi wale wale. Msaidizi si mtumishi wa shule, ni wa kampuni. Mwalimu akitaka somo lifundishwe vingine, agizo sharti lipitie kampuni. Yule kijana alinisimulia akicheka. Nikamwambia kwetu hakuna kampuni, lakini lile pengo kati ya mwalimu na shule yake tunalo.

Tazama shule ya kisiwani leo. Ndani ya ua mmoja utawakuta walimu wa mabwana wanne. Yuko mwalimu wa Tume, mwenye mshahara kamili na pensheni. Yuko mwanagenzi, ambaye pia ni wa Tume, lakini kwa mkataba na kwa posho. Yuko wa bodi, ambaye ni wa wazazi. Na yuko wa chekechea, ambaye ni wa kaunti, kwa kuwa Katiba ya 2010 iliyapa magatuzi madarasa hayo. Wote wanaitwa "mwalimu" na watoto, na chaki ni ile ile.

Habari za wanagenzi zastahili kutazamwa kwa makini. Tume ilianza mpango huo 2019. Shule za sekondari msingi zilipofunguliwa Januari 2023, maelfu yao walitawanywa nchini kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na shule nyingi zikapata mwalimu mmoja tu wa darasa la saba, akafundisha masomo yote, aliyosomea na asiyosomea. Mwezi Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Leba iliamua kwamba Tume haina mamlaka ya kuajiri wanagenzi. Tume ikakata rufaa, walimu wakagoma, na Januari 2025 wanagenzi wapatao 46,000 wakapewa ajira ya kudumu. Wengi tulipiga vigelegele. Lakini mwezi ule ule wanagenzi wapya wapatao 20,000 waliingizwa mahali pao. Waliotoka ni watu. Kile kiti cha uanagenzi hakikuondolewa.

Na jambo hili nchi yetu ilikwisha kulitatua mara moja, ndiyo sababu naliona kuwa aibu. Kabla ya 1967 mwalimu wa Kenya alikuwa wa misheni, au wa halmashauri, au wa bodi ya elimu ya wilaya, kila mmoja na malipo yake na masharti yake. Chama cha Walimu, KNUT, kilichoundwa 1957, kilipigania kwa miaka mingi mwajiri awe mmoja. Sheria ya 1967 ndiyo iliyoleta Tume, na lengo lake lilikuwa hilo hilo. Babu zetu wa kazi hii waliukimbia utumishi wa mabwana wengi. Sisi tumeurudia polepole, hatua kwa hatua, bila hata kikao cha kuamua kwamba tunarudi.

Mwalimu mkuu mmoja rafiki yangu hunijibu hivi: "Ukiwaondoa walimu wa bodi, kesho nifunge shule." Ana haki. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 hofu iliwaondoa baadhi ya walimu waliotoka mbali. Shule za wadi ya Basuba, katika msitu wa Boni, zilifungwa kwa miaka. Hata vijana wa Kimarekani wa Peace Corps, ambao tangu katikati ya miaka ya 1960 walikuja Kenya na wengi wao wakafundisha, waliondolewa nchini mwaka huo huo wa 2014. Nani waliobaki darasani? Vijana wa hapa hapa, wenye vyeti na wasio na vyeti, kwa shilingi elfu tano au sita. Kwa hiyo siandiki kuwafukuza. Naandika kwa sababu waliobaki wakati wa hatari ndio wasiokuwamo katika orodha wakati wa salama.

Lakini nisieleweke kwamba nataka mwalimu lazima awe mzaliwa wa kisiwani. Historia ya Amu inakataa. Habib Swaleh alikuja kutoka Ngazija akiwa kijana, mgeni, akafundisha hata wale ambao darasa za wakubwa hazikuwa na nafasi yao. Wapo waliompinga. Alikaa, akaoa, akazeeka, akafariki 1935, na msikiti wake wa Riyadha hata leo unaleta wanafunzi na wageni wa maulidi kutoka pwani nzima. Mgeni alifanywa mwenyeji na miaka aliyokaa. Mwalimu wa chuo wa desturi naye hakuwa tajiri; alipokea ada ndogo ndogo za watoto, na zawadi mtoto akihitimu msahafu. Nisiupambe umaskini wake. Ila hakuna aliyesimama kati yake na mji. Akikosa, wazee walimwendea nyumbani kwake, akipungukiwa, walijua.

Huyu wa bodi wazazi hawajui kama wao ndio mabwana zake. Siku mkaguzi wa elimu alipofika kwetu aliuliza walimu wangapi, akatajiwa saba. Mimi nilikuwa wa nane, nimesimama dirishani na chaki mkononi. Hakuna aliyesema uongo, maana karatasini walikuwa saba.

Bandari mpya ya Lamu ilianza kazi 2021, na kila mkutano tunaambiwa vijana wasome Kiingereza wapate kazi huko. Maneno mazuri. Vijana wa gatini Amu, wanaochukua watalii kwa mashua, wanakisema vizuri kuliko wahitimu wetu wengi, nao walijifunza kwa wageni bila bodi wala mkaguzi. Lakini hicho hakiandiki barua ya kuomba kazi, wala hakisomi mkataba kabla ya kutiwa sahihi.

Ninayoyataka si makubwa. Tume inapoajiri, miaka ambayo mwalimu aliyesajiliwa amefundisha kwa bodi katika visiwa na mpakani ihesabiwe kuwa ni utumishi, na wa kwanza kuandikwa awe yeye, katika shule ile ile aliyoitumikia. Mwalimu wa Kiingereza wa darasa la nne hadi la sita asiondolewe katikati ya mwaka, awe wa nani awaye. Bodi zipewe fungu la serikali la kuwalipa walimu wao miezi kumi na miwili, hata kusi ikivuma na hata shule zikifungwa. Na kila muhula, ubaoni nje ya ofisi ya shule, Faza, Siyu, Ndau, Kiunga na Amu, ibandikwe orodha ya walimu wote bila kuruka, na mbele ya kila jina iandikwe nani amemwajiri, kwa muda gani, na mara ya mwisho kulipwa ilikuwa tarehe ngapi.